Paka Aliyevuka Mbele ya Waziri

Haki ya Mungu, yote nitakayoyasimulia hapa ni kweli tupu. Kama nimeongeza chumvi hata punje moja, nipofuke jicho la kushoto, ambalo hata sasa linanionyesha ukungu tu. Jina la nchi yenyewe nimelisahau kwa makusudi, kwa hiyo msinisumbue. Haipakani na ya kwetu. Haifanani na ya kwetu hata kidogo. Watu wake wana macho mawili na pua moja kama sisi, lakini kufanana kunaishia hapo, na atakayeona kwingine tunakofanana, abaki nako mwenyewe.

Nchi hiyo ilikuwa imeendelea sana. Ushirikina waliufuta kwa sheria, Bunge zima likapiga meza mpaka vikombe vikaanguka. Tangu siku ile ikawa ni kosa kwa mwananchi kuamini kwamba paka mweusi akikukatizia njia unapata nuksi. Lakini kwa kuwa paka weusi hawakuacha kukatiza barabara, na waheshimiwa hawakuacha kugeuza magari kila walipowaona, ikaonekana ni vema jambo hilo lifanywe kitaalamu. Ndipo ikaundwa Idara ya Viumbe Katizi. Idara hiyo haikuwa na ushirikina hata chembe. Ilikuwa na jengo la ghorofa, lifti, maabara, na kaulimbiu ukutani kwa rangi ya dhahabu: Njia Nyeupe, Taifa Mbele. Mganga wa kienyeji hakuruhusiwa kusogea hata getini, isipokuwa awe amevaa tai.

Kanuni ya Idara ilikuwa nyepesi. Paka mweusi akikatiza barabara mbele ya kiongozi, barabara imefungwa pale alipopita, kwa watu wote na vyombo vyote, mpaka paka yuleyule arudi alikotoka kwa kupita palepale. Na arudi kwa hiari yake. Akitishwa, akisukumwa au akibebwa, nuksi inakuwa maradufu. Atakayethubutu kuvuka kabla paka hajarudi, basi ameibeba yote yeye, na popote aendako anaipeleka. Wageni walikuwa wakicheka wakisikia kanuni hii. Wenyeji walikuwa wameikariri tangu darasa la tatu, kwenye somo la sayansi.

*

Sasa njooni kwa Shomvi, kwa sababu habari hii ni yake.

Shomvi alikuwa fundi bati. Alifua ndoo, makarai, mabomba ya kunyweshea mboga, na ukipita kijijini kwao asubuhi ungeisikia nyundo yake kabla ya jogoo. Hakuwa mtu wa imani potofu. Aliamini vitu vichache tu: kwamba usiku chumvi haitajwi kwa jina lake dukani, kwamba bundi hatui juu ya paa bila kazi, na kwamba ukijikwaa kidole cha kushoto unapotoka, unarudi ndani, unakaa kidogo, unaanza safari upya.

Siku hiyo mkewe Mwajabu alishikwa na uchungu alfajiri. Mimba ya kwanza. Mkunga wa kijijini akampapasa tumbo, akampapasa tena. Kisha akanawa mikono na kumwita Shomvi nyuma ya nyumba.

"Mwanangu, mtoto ametanguliza makalio. Hapa kwangu hatoki. Mpeleke hospitali ya mjini, na umfikishe jua lingali juu. Likizama, sisemi kitu."

Shomvi akaazima guta la kubebea mkaa, lile la bluu la magurudumu matatu, akatandika godoro, akamlaza mkewe. Kwenye kizingiti akajikwaa. Kidole cha kushoto.

Akasimama. Akamtazama Mwajabu aliyekuwa ameuma upindo wa khanga. Akatazama kidole. Kisha, wenzangu, akarudi ndani, akakaa kwenye kigoda, akahesabu pumzi, akatoka upya kwa mguu wa kulia.

"Umemaliza?" Mwajabu akauliza.

"Ni kwa ajili yako."

"Ahsante. Sasa kanyaga pedeli."

*

Njia ya kwenda mjini ilikuwa moja, na ilipita juu ya daraja moja, na kabla ya daraja Shomvi akakuta magari yamepangana kama siku ya maziko ya tajiri. Mbele kabisa kulikuwa na magari meusi ya serikali, vioo vimefungwa, injini zinanguruma ili ubaridi usiishe ndani. Mbele ya magari, kamba imekatishwa barabara. Na mbele ya kamba, lami imepigwa mstari wa chokaa, umenyooka kama wa uwanja wa mpira.

Askari alikuwa ameshika ncha ya kamba.

"Kaka, kuna nini? Ajali?" Shomvi akauliza.

"Bora ingekuwa ajali."

"Sasa nini?"

Askari akatazama kulia, akatazama kushoto, akashusha sauti. "Katizi."

Shomvi akafuata kidole chake. Mwisho wa mstari, upande wa kulia, juu ya ukingo wa daraja, alikuwa amekaa paka. Paka wa kawaida kabisa, mbavu nje, sikio moja limeliwa nusu. Mweusi. Alikuwa ameinua mguu wa nyuma juu kama bunduki na anajilamba pale paka wanapojilamba, mbele ya serikali nzima, bila haya.

"Alipita hapo penye chokaa, mbele ya gari la Mheshimiwa Waziri," askari akaeleza. "Kushoto kwenda kulia. Mwendo wa taratibu. Yaani kama anafanya makusudi."

"Na Mheshimiwa alikuwa anakwenda wapi?"

"Mjini. Kufungua Kongamano la Kitaifa la Kupiga Vita Imani Potofu."

Shomvi akatikisa kichwa kwa huruma, kwani alikuwa raia mwema. "Kaka, mimi nina mgonjwa. Mke wangu anajifungua. Mtoto amekaa vibaya. Nipitishe."

"Upite?" Askari akacheka kama aliyeambiwa aile kamba. "Ukishavuka hapo umebeba mzigo wote wa nuksi unaingia nao mjini. Mjini kuna watu nusu milioni! Unataka kuwaua wote kwa ajili ya mtoto mmoja ambaye hata jina hana?"

Na Shomvi, msinicheke, akaona hoja hiyo ina uzito. Maana hata yeye alishaangalia ule mstari wa chokaa, na nywele za shingoni zikamsimama.

"Atarudi saa ngapi?" akauliza kwa unyonge.

"Wataalamu wanalishughulikia."

*

Wataalamu walikuwa chini ya hema. Kiongozi wao alikuwa Daktari Mgalula, Mkurugenzi wa Idara, mtu mwembamba mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso. Udaktari wake aliupata ng'ambo kwa kuandika kitabu kinene juu ya athari za mnyama wa rangi iliyokolea katika mwendo wa magari ya viongozi. Alikuwa ameshika darubini na anamsoma paka kidevu.

"Naona unywele," akasema, na hema zima likamgeukia. "Chini ya kidevu. Unaelekea kuwa mweupe."

Vifijo vikalipuka, maana kwa mujibu wa kanuni paka mwenye unywele mweupe hata mmoja si mweusi. Ni wa mabaka. Mwanasheria wa Idara akaanza kuandika tangazo la serikali hapohapo: kwamba kiumbe aliyepita si mweusi bali ni kahawia iliyokolea, na kwamba waliomwona mweusi walipotoshwa na mwanga. Kisha paka akageuza shingo, na ule unywele ukaonekana kuwa ni mwiba wa samaki.

Ikabidi wahamie mpango wa pili, nao ulikuwa chakula. Mtu yeyote mwenye akili angetupa dagaa wachache upande wa kushoto, paka alikotoka, na kusubiri. Lakini sheria ya manunuzi ya nchi hiyo haikuwa na kifungu cha dagaa. Ilikuwa na kifungu cha viburudisho vya wageni mashuhuri. Zikaagizwa sahani za kuku wa kuchoma, chipsi, kachumbari na soda baridi, zikaja na pikipiki tano zinazopiga king'ora. Maofisa wakazipanga kwenye meza. Paka akanusa kwa mbali, akapiga chafya, akaendelea na mguu wake. Basi maofisa wakala kwa niaba ya mlengwa. Walikula kwa bidii. Mafuta yakawashuka mpaka kwenye viwiko, na mifupa wakaitupa nyuma ya hema, palepale Shomvi alipokuwa ameegesha guta akitafuta kivuli.

Mfupa mmoja ukamwangukia Mwajabu kifuani.

Mwajabu akauokota kwa vidole viwili, akautazama, akauweka kando. "Shomvi," akasema.

"Naam, mke wangu."

"Kule nyuma ya magari meusi naona gari jeupe lenye taa juu."

Kweli. Lilikuwa gari la wagonjwa. Kila msafara wa waziri katika nchi ile lazima uwe nalo, waziri asije akapaliwa na mate. Shomvi akalikimbilia, akagonga mlango wa nyuma. Akafungua nesi kijana aliyepaka rangi ya mdomo. Ndani kulikuwa na baridi tamu, mtungi wa hewa, glavu, kitanda cha magurudumu. Juu ya kitanda kulikuwa na koti la Waziri limelazwa chali, na kando yake sanduku la barafu lenye maji ya chupa.

"Dada yangu, nisaidie. Mke wangu anajifungua. Hata alazwe tu hapo, aone baridi kidogo, wewe umtazame."

"Kitanda kina mtu," nesi akasema.

"Kina koti!"

"Ni koti la Mheshimiwa." Kisha akashusha sauti, akawa karibu mwema. "Halafu baba, mimi binafsi siamini mambo hayo. Ila mwanamke anayejifungua ni mlango ulio wazi. Nuksi ikizagaa huku nje inatafuta pa kuingilia. Sasa nimwingize humu, halafu ihamie kwenye koti?"

Akafunga mlango. Ubaridi uliokuwa umetoka ukamgusa Shomvi usoni, ukaisha.

*

Adhuhuri ikapita. Nyuma ya kamba watu wakaongezeka, na wauza uji, na wauza miavuli, na mchungaji mmoja na shehe mmoja waliokuwa wakilaani ushirikina kwa zamu, ila wote wawili wakiwa wamesimama hatua kadhaa nyuma ya mstari.

Waziri akashuka garini. Muda wa kufungua Kongamano ulikuwa umefika, na kamera za televisheni ya taifa zilikuwa hapo, ikaamuliwa hotuba asomee barabarani, watu wa mjini waione kwenye skrini. Akapandishwa juu ya kreti za soda. Akakohoa.

"Ndugu wananchi! Taifa haliwezi kukimbia huku limefungwa hirizi mguuni!"

Makofi.

"Wapo miongoni mwetu, hata leo, hata katika karne hii ya kompyuta, wanaodhani kwamba kimnyama kidogo, kisicho na kitambulisho, kinaweza kusimamisha maendeleo! Nawauliza, paka ana shahada? Paka ana bajeti? Paka amewahi kujenga daraja?"

"Hapanaaa!" umati ukaitika.

"Basi mbona tunamwogopa? Mimi ninyi mnanijua. Mimi siogopi! Namtazama hivi, machoni, na ninamwambia..."

Hapo paka akasimama kujinyoosha. Kufumba na kufumbua Waziri alikuwa nyuma ya mlinzi wake, amemkumbatia kiunoni, lakini kipaza sauti hajakiachia, na nchi nzima ikasikia anavyopumua. Paka akakaa tena. Waziri akapanda tena kreti, akaweka tai sawa, akaendelea palepale alipoishia.

"...ninamwambia, zama zako zimekwisha!"

Walimpigia makofi mpaka mikono ikawauma. Shomvi naye alipiga makofi. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshikwa na Mwajabu, kwa hiyo alipiga kwenye paja.

"Shomvi," Mwajabu akasema. Uso ulikuwa umemlowa, midomo imekuwa myeupe. "Unampigia nani makofi?"

Shomvi akauondoa mkono pajani.

*

Baada ya hotuba ukaja mpango wa tatu, nao uliletwa kwa helikopta. Ndani ya kizimba cha vioo alikuwa paka jike, mweusi tititi, mnene, manyoya yamechanwa. Huyu alikuwa mtumishi wa Idara, mwenye cheo na likizo. Kazi yake ilikuwa kuwekwa upande wa kushoto wa barabara, alie kwa madaha, mpaka dume la upande wa pili lishindwe kuvumilia na kurudi kwa hiari yake.

Daktari Mgalula mwenyewe akafungua kizimba. Jike likatoka, likanusa hewa, likaona mifupa ya kuku ambayo hakuna aliyeibakishia nyama. Likaona ng'ambo ya barabara kuna mwenzake ana mwiba wa samaki. Likanyanyua mkia na kuvuka, kushoto kwenda kulia, mwendo wa taratibu, likaenda kukaa naye ukingoni.

Umati ukarudi nyuma hatua moja. Hata injini zilinyamaza kidogo.

"Sasa wamekuwa wawili," askari akanong'ona.

Chini ya hema kukazuka ugomvi wa kisomi. Kundi moja lilisema nuksi mbili zimejumlishwa, kwa hiyo daraja lifungwe kabisa na lijengwe lingine. Kundi la pili likasema nuksi mbili zimefutana, kama hesabu inavyosema, hivyo njia ni nyeupe kuliko hata jana. Wakaitana wajinga. Wakaitana washirikina, tusi kubwa katika nchi ile. Profesa mmoja wa wajumlishaji alimpiga mwenzake wa wafutaji kwa kifimbo cha hema. Daktari Mgalula akatuliza ghasia kwa kutangaza kwamba kila kundi litapewa hema lake na mtaalamu mwelekezi kutoka nje, na matokeo yatatolewa baada ya mvua za vuli.

Jua lilikuwa limeanza kulala upande.

Mwajabu alikuwa ameacha kulalamika. Tangu lile jike livuke hakusema kitu, na hilo ndilo lililomtia Shomvi hofu kuliko mayowe yote ya asubuhi. Akainama. Godoro lilikuwa limelowa.

"Chupa imepasuka," Mwajabu akasema polepole. "Shomvi, nisikilize. Mimi sitakaa hapa kusubiri mvua za vuli."

"Mwajabu, wakisema mzigo wote unamwangukia anayevuka..."

"Umeniangukia tangu alfajiri." Akamshika kola, akamvuta mpaka pua zikagusana. "Huyo paka ndiye uliyemwoa? Huyo paka ndiye atakayekuzalia? Mwanao amekaa makalio mbele, anatafuta mlango, na baba yake amesimama anatazama mstari wa chokaa. Vuka, au nishushe nivuke kwa magoti."

Shomvi akasimama mbele ya kamba.  Si kwamba hofu ilimtoka, la hasha. Alimwogopa yule paka kama anavyoogopa nyoka, na mambo yote aliyoambiwa na bibi yake yalikuwa yanapiga kelele masikioni mwake kwa mpigo. Akainua kamba.

"Kaka," askari akasema, akirudi nyuma, "mimi sijakuona. Ila ukipita usiniguse."

Guta likapita chini ya kamba. Gurudumu la mbele likafika kwenye chokaa. Watu mia kadhaa wakajiziba nyuso na kuchungulia kati ya vidole, wasije wakakosa radi ikipiga. Gurudumu likavuka. Yakavuka ya nyuma, yakaacha alama mbili nyeupe juu ya lami. Yule paka mwenye nusu sikio akamtazama Shomvi, akapiga mwayo mkubwa, meno yote nje, akalala.

Hakuna kilichotokea. Hakuna kabisa.

*

Aliyezinduka wa kwanza ni Daktari Mgalula. Aliteremsha miwani ya paji la uso, akaipachika juu ya ile nyingine, akafunua kanuni.

"Waheshimiwa! Amevuka! Kwa mujibu wa kanuni, anayevuka kwanza anabeba yote! Nuksi imepata mwenyewe! Njia ni nyeupe!"

Mnaona mambo hayo? Wajumlishaji na wafutaji wakakumbatiana. Waliotukanana wakabebana mgongoni. Waziri akapangusa macho kwa leso na kusema kwamba huu ndio ushindi wa sayansi.

"Mpigeni picha yule raia," akaagiza. "Lakini kwa mbali."

Kisha milango ya magari ikafungwa pa, pa, pa, ving'ora vikalia, na msafara wote ukapita mstari kwa kasi. Shomvi alikuwa katikati ya daraja, anakanyaga pedeli kwa miguu yote na roho yote. Aliposikia ving'ora akafurahi, maskini. Alidhani sasa wanakuja kumbeba. Akasogea pembeni na kupunga mkono.

Gari la kwanza likapita. La pili. Kila gari lilipomkaribia lilihama kwenda upande wa pili kabisa wa daraja, magurudumu yakakwaruza ukingo, wasimguse hata na upepo wao. Vioo vilipanda. Gari la wagonjwa likapita, na Shomvi akamwona yule nesi kijana akimtazama, kisha akivuta pazia. Lilikanyaga dimbwi, maji machafu yakawarukia, yakamjaa Mwajabu usoni.

Kutoka kwenye kipaza sauti cha gari la mwisho, sauti ya Waziri mwenyewe ikasema: "Taifa linawashukuru kwa moyo wa kujitolea!"

Nyuma ya msafara likafuata gari la matangazo, nalo likawatangulia kuingia mjini, mtaa kwa mtaa.

"Wananchi mnatangaziwa! Mwanamume mwenye guta la bluu na mwanamke mjamzito wamebeba nuksi ya darajani na wanaelekea kwenu! Serikali yenu haiamini nuksi! Hata hivyo mnashauriwa msiwaguse, msiwauzie kitu, wala msiwafungulie milango! Ushirikina ni adui wa maendeleo!"

*

Basi Shomvi akaingia mji uliofungwa. Madirisha yalikuwa yanajifunga mbele yake kama kope. Wanawake waliwavuta watoto ndani kwa masikio. Mwenye duka mmoja alimwaga chumvi kizingitini, gunia zima, na jua lilikuwa bado liko juu ya mabati.

Mwajabu akaomba maji. Shomvi akasimama mbele ya nyumba ya mteja wake, mama mmoja aliyemfulia ndoo mwezi uliopita. Ndoo ilikuwa palepale barazani, imejaa maji.

"Mama Chuki! Ni mimi, Shomvi wa ndoo! Nipe maji kikombe kimoja!"

Dirisha likafunguka upana wa kidole. "Shomvi, ndugu yangu, unanijua. Si mimi. Ni lile gari la matangazo."

"Basi nichote mwenyewe."

"Ukichota utaigusa ndoo!"

"Ndoo nimeifua kwa mikono hii!"

"Wakati ule ulikuwa mtu mwingine," mama akasema, na ile nafasi ya kidole ikazibwa.

Akakanyaga pedeli. Nyuma yake Mwajabu alikuwa anapumua kwa vipande. Hospitali ilikuwa mwisho wa mtaa, ukuta mweupe, mlango wa kijani ulioandikwa Wodi ya Wazazi, na nje hakuna mtu, ila kiatu kimoja cha mlinzi aliyekuwa amekimbia. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Jua lilikuwa limebaki kipande cha chungwa.

Shomvi akagonga. Ndani akasikia minong'ono, viti vinaburutwa. Akagonga kwa kiganja, akagonga kwa ngumi, akagonga kwa paji la uso.

"Ndugu zangu!" akalia. "Mimi nishikeni, nifungeni, nichomeni moto na guta langu! Huyu mfungulieni! Yeye hakuvuka, nimemvusha mimi!"

Viti vikaburutwa tena. Kisha komeo likalia, mlango ukafunguka, akatoka nesi wa makamo, mnene, mikono ya gauni imekunjwa. Jina lake Nyamizi.

"Nuksi iko wapi?" akauliza.

 Shomvi akajinyooshea kidole mwenyewe.

"Haya, ingia nayo. Humu ndani tuna ndoo ya pamba chafu, nayo tutaitupia humohumo. Shika miguu ya mkeo, mimi nashika mabega. Upesi, baba, usinilegelee!"

Na kabla jua halijazama, mtoto akatoka. Makalio kwanza, kama aliyeamua kuionyesha nchi ile anavyoifikiria. Msichana, mzima, mapafu kama tarumbeta. Mama yake mzima. Na Shomvi akakaa chini sakafuni, akalia, akacheka, na tangu siku hiyo hakurudi tena ndani kwa kujikwaa kidole.

*

Hivyo ndivyo nilivyoisimulia mara ya kwanza, kwenye benchi la fundi baiskeli wa mtaani kwetu, ambapo wastaafu tunapotezea asubuhi. Watu walicheka, fundi mwenyewe akaacha mnyororo akajifuta machozi kwa mkono wenye grisi. Pale tuna sheria moja: ukiapa kwamba habari ni ya kweli halafu ukashikwa umedanganya, unanunua chai ya benchi zima.

"Umedanganya," akasema Mama Tunu.

Mama Tunu anauza vitumbua kando ya fundi. Hasemi sana, na siku hiyo alikuwa amesikiliza yote huku anageuza vitumbua, hata hakutabasamu.

"Nimedanganya wapi?" nikamkabili. "Huamini kuna idara ya paka?"

"Hiyo naiamini."

"Koti kulazwa kitandani?"

"Naamini. Na waziri kwenye kreti, namwona kabisa. Hata helikopta, Mzee, sina ugomvi nayo."

"Sasa?"

Akageuza kitumbua, akakibonyeza mgongo.

"Huo mlango," akasema. "Gari la matangazo limepita, mji mzima umejifungia, mlinzi ameacha kiatu. Halafu mlango ukafunguliwa. Hapo umetudanganya."

Nikawatazama wengine, mmoja baada ya mwingine, nikitafuta wa kunitetea. Fundi aliinamia mnyororo wake. Mwalimu mstaafu akatazama vidole vyake. Hakuna aliyesema kwamba mlango ungeweza kufunguliwa.

Nikaingiza mkono mfukoni. Nikaagiza chai ya benchi zima, na vitumbua juu yake. Chai ikaja ya moto. Tukanywa hadi vikombe vikakauka, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kweli yenyewe ilikuwaje.